Wenye Maboti Waliolala Nchi Kavu

Nyakabiga, kata yetu ya Bujumbura, haina ufuko. Ukitaka Ziwa Tanganyika unateremka kupitia Bwiza na Buyenzi, au unakata katikati ya mji. Maji tuliyo nayo sisi ni ya Ntahangwa, mto unaokula kingo zake kila masika na kumeza vyoo na kuta za watu, na hakuna aliyewahi kutia chombo humo. Hata hivyo nilikulia katika ua ambamo nyavu zilianikwa juu ya kamba za nguo, taa za presha zilipangwa chini ya kitanda cha wageni, na mbao za libuyu ziliegemezwa ukuta wa jikoni mwaka mzima zikikauka. Baba yangu alikuwa karani wa posta. Alikuwa na maboti mawili, na sikuwahi kumwona akivua.

Mtaani halikuwa jambo la kushangaza. Nyakabiga ilikuwa kata ya makarani, walimu na manesi, na chuo kikuu kilipofunguliwa mwaka 1964, kata ya wanafunzi vilevile. Mwenye mshahara mdogo alitafuta kitu cha kumzalia pesa wakati yeye amelala. Mmoja alinunua teksi, mwingine akajenga vyumba vya kupangisha, mwingine akanunua boti. Boti lilikaa ziwani, Kibenga au Rumonge. Mwenyewe alikaa kwetu, akashika njia ya ofisini asubuhi amefunga tai.

Nimefundisha historia mpaka nikastaafu, na kadiri ninavyosoma habari za ziwa hili ndivyo ninavyoona kwamba baba alikuwa amefuata njia ya zamani sana. Tangu habari za Tanganyika zianze kuandikwa, mwenye chombo ni mmoja na anayekiendesha ni mwingine. Wanategemeana na hawaaminiani. Vitabu vinazungumza zaidi juu ya wasafiri na vita, lakini ukisoma kwa jicho la mtoto wa mwenye boti unawaona hawa wawili katika kila ukurasa.

Chukua mwaka 1858. Waingereza wawili, Burton na Speke, wamefika Ujiji mwezi Februari, wagonjwa, mmoja miguu haimbebi na mwingine macho yamemwingia ukungu. Wanataka kwenda kaskazini wakaone mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka. Mitumbwi ipo, lakini wanataka jahazi lenye tanga, na jahazi lina mwenyewe: Mwarabu aitwaye Hamed bin Sulayyim, anayekaa kisiwani Kasenge, upande wa pili. Speke akavuka kwa mtumbwi kwenda kumbembeleza. Njiani mdudu alimwingia sikioni usiku, akajaribu kumtoa kwa ncha ya kisu, akapata kidonda kilichomtesa miezi. Alifika, akakaribishwa vizuri, akaelezwa kwamba jahazi lina kazi nyingine, na akarudi mikono mitupu. Mtu anayesoma kisa hicho Ulaya humhurumia Speke. Mimi namwelewa Sheikh Hamed. Chombo kimoja, ziwa lenye urefu wa kilomita zaidi ya 670, pembe za kununua ng'ambo, halafu anakuja mgeni anayetaka kukikodi ili akaangalie mto unakoelekea.

Mwezi Aprili walipata mitumbwi miwili kutoka kwa Kannena, mkubwa mmoja wa Ujiji, kwa bei iliyomfanya Burton aandike kwa uchungu mwingi. Mkubwa kati ya hiyo miwili ulikuwa na urefu wa futi 60 na upana wa futi 4. Hebu uwaze: mita 18 kwa mita moja na kidogo, umejaa wapiga kasia, mizigo, mbuzi, na Mzungu aliyelala chini kwa homa huku maji yanajaa na watu wanafua. Walifika Uvira, ng'ambo tu ya huku kwetu. Mtoni penyewe hawakufika: wapiga kasia walikataa kusogea zaidi, wakiwaogopa watu wa huko mbele.

Upana ule wa futi 4 haukupangwa na fundi. Ni upana wa mvule. Mitumbwi bora ya ziwa ilichongwa Ugoma, kwenye milima ya magharibi, ndani ya msitu. Waliangusha mti, wakautoboa kwa shoka na moto, wakaukokota hadi majini, kisha ukavushwa kwenda kuuzwa Ujiji. Mpwa wangu anayeishi Birmingham alinitumia picha za maboti ya mifereji ya Uingereza, marefu na membamba kama mitumbwi yetu, watu wanaishi humo na kupanda maua juu ya paa. Nikamuuliza kwa nini wameyabana hivyo. Akaniambia ni malango ya kupandishia maji, yaliyojengwa katika karne ya 18, enzi za mhandisi James Brindley, kwa upana wa futi 7 tu. Boti lisilopenya langoni halina faida. Kule lango lilimpangia fundi, huku akapangiwa na mti. Baadaye, kama nitakavyoeleza, sisi tulipangiwa na wavu.

Mwaka 1871 Stanley na Livingstone walifanya safari ileile ya Rusizi na wakaimaliza. Mtumbwi wao ulikuwa wa mvule wa Ugoma, na haukuwa wao: waliazimwa na Sayd bin Majid wa Ujiji. Yeye alibaki barazani kwake. Walipiga kambi mahali pengi katika pwani yetu, na juu ya jiwe la Mugere, kusini mwa Bujumbura, majina yao yamechongwa pamoja na tarehe ya 25 Novemba. Watalii hupigwa picha pale. Jina la mwenye mtumbwi halikuchongwa, wala majina ya wapiga kasia kumi na sita, ila sijui kama Sayd bin Majid angejali. Mtumbwi ulirudi mzima.

Kitu kingine ninachokipenda katika historia ya vyombo vya ziwa hili ni kwamba vyote vimetoka milimani. Mvule ulishuka kutoka Ugoma. Wazungu nao walileta vyao vipande vipande mabegani mwa watu: boti la Stanley liitwalo Lady Alice mwaka 1876, meli ya wamisionari wa London iitwayo Good News iliyounganishwa na kushushwa 1885. Wakati wa vita vya kwanza vya dunia Waingereza walivuta maboti mawili ya injini, Mimi na Toutou, kutoka Afrika Kusini, wakayapandisha milima ya Mitumba kwa ng'ombe na mashine za mvuke, ili wakapigane na Wajerumani. Walifaulu: mwishoni mwa Desemba 1915 waliiteka Kingani, na Februari 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann.

Lakini sifa zangu nawapa mafundi wa upande ulioshindwa. Meli kubwa ya Wajerumani, Goetzen, ilitengenezwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa, ikapakiwa katika masanduku maelfu, ikasafirishwa hadi Kigoma na kuunganishwa upya. Iliteremka majini Februari 1915. Mwaka uliofuata, mwezi Julai, walipoona Kigoma inawaponyoka, waliamriwa waizamishe. Mafundi wale, kabla ya kufungulia maji, waliipaka mitambo grisi nzito kila mahali. Meli ikazama, na mwaka 1924 Waingereza wakaiopoa, wakakuta injini zinafaa, na Mei 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Baba alitusimulia habari hiyo mara nyingi kuliko hadithi za sungura. Kila alipomkuta baharia ameiacha injini ya boti bila kuipangusa, alimwambia kwamba Mjerumani alipaka grisi injini aliyokuwa anaizamisha.

Bujumbura yenyewe, Usumbura wakati huo, ilianza kama ngome ya Wajerumani katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, na kabla yao Waswahili wa Ujiji walikuwa wameshajaribu bahati yao huku; mmoja wao, Rumaliza, alitaka kuitwaa nchi akazuiwa na watu wa Mfalme Mwezi Gisabo. Wabelgiji waliingia 1916. Babu yangu alikuwa Mswahili wa Buyenzi, mama yangu mtu wa Ujiji, na nyumbani kwetu lugha ilikuwa hii ninayoandika, Kirundi kikiwa lugha ya jirani na Kifaransa lugha ya ofisini kwa baba. Babu alivua kwa namna ya zamani: mtumbwi mmoja, moto wa kuni mbele, na wavu wenye mpini wa kuchotea ndagala, dagaa wa ziwa hili, waliokuja kuangalia mwanga. Mtumbwi alikuwa amekodi. Kila asubuhi sehemu ya samaki ilikwenda kwa mwenye mtumbwi, naye alikuwa muuza duka.

Mapema miaka ya 1950 Wagiriki wa Bujumbura walileta uvuvi mkubwa: meli ya chuma, wavu wa kuzungushia kundi zima la samaki, na maboti madogo ya taa ya kulikusanya kundi hilo. Walikuwa matajiri, na watu wetu wakawa vibarua wao wa mshahara. Kisha mwaka 1957 kikaja kile kilichobadilisha mambo kwa watu wa kima cha baba. Maboti mawili ya mbao yanawekwa sambamba, yanaunganishwa kwa miti mirefu, na katikati yake unashushwa wavu mpana wenye umbo la mfuko. Katamarani. Chombo hicho hakikuhitaji chuma wala benki. Kilihitaji fundi seremala, wavu, taa, na watu wanne au watano wasioogopa giza. Karani aliweza kukinunua kidogo kidogo.

Hapo ndipo wavu ulipopanga upana. Maboti yalitengwa kwa kadiri mdomo wa wavu ulivyohitaji kufunguka, na miti ikakatwa kwa kipimo hicho. Taa za presha zilining'inizwa juu ya maji, usiku ukaingia, vijidudu vikaja kwenye mwanga, ndagala wakavifuata vijidudu, na samaki waitwao mikeke wakawafuata ndagala. Kazi ya kwanza ni kungoja. Nahodha aliyejua kazi yake hakushusha wavu kwa pupa. Aliangalia maji chini ya taa yakibadilika rangi, kama maziwa yaliyotiwa ndani ya chai, ndipo akasema. Wavu ukashushwa mita nyingi, ukaachwa, kisha ukavutwa kwa mikono, watu wakihesabu pamoja ili pembe zote zipande sawa. Pembe moja ikitangulia, samaki humwagikia upande wa pili, na saa tatu za kungoja zimekwisha.

Mambo hayo mimi nimeyasikia tu. Ninayoyajua kwa macho yangu ni ya nchi kavu, yaani ya mbao.

Ndagala huvuliwa kwenye giza. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazina nguvu, samaki wametawanyika, na maboti hupandishwa. Siku hizo za mbalamwezi ndizo za fundi. Baba alipanga likizo zake kwa kalenda ya mwezi, siku mbili hapa, siku moja kule, hadi wenzake posta wakadhani kuna mgonjwa nyumbani anayezidiwa kila mwezi. Alituchukua mimi na kaka yangu, tukashuka Kibenga, na fundi alikuwa ameshapindua boti la kwanza.

Fundi wetu alikuwa Mbembe kutoka upande wa Fizi, mzee mwenye vidole vifupi na maneno machache. Aliligonga boti kwa kifundo cha nyundo, ubao baada ya ubao, ameinamisha sikio. Sauti ikiwa kavu aliendelea. Ikiwa nzito alisimama, akamwambia baba: "Patroni, huu umekunywa." Ubao uliokunywa ulitolewa siku hiyohiyo. Baba alijaribu kumshawishi ungoje mwezi mwingine, na mzee alianza kukusanya vyombo vyake polepole, bila ugomvi, mpaka baba akakubali.

Watu wa bahari, wa Mombasa na Unguja, wana adui tusiyemjua sisi: yule mnyoo wa maji ya chumvi anayetoboa mbao. Ndiyo maana wao hupaka majahazi yao shahamu na chokaa. Huku maji ni matamu na mbao hailiwi, huoza. Huoza pale juu ya mstari wa maji, mahali panapolowa usiku na kukauka mchana. Jua la Imbo, tambarare yetu ya kando ya ziwa, ni baya kuliko ziwa lenyewe. Boti likiachwa mchangani wiki mbili bila kivuli mbao hujikunja, na nyufa zinafunguka kiasi cha kupitisha kucha. Dawa yake ni kulifunika kwa matawi ya mgomba, na kama limeshakauka, kulizamisha makusudi. Unalijaza mawe kwenye maji ya kina cha kiuno, unaliacha siku kadhaa livimbe, kisha unalitoa, na nyufa zimejifunga zenyewe. Wageni wakipita wakaona boti lililo chini ya maji walimpa baba pole.

Zile zisizojifunga zilipigwa kalafati. Pamba ilitoka bonde la Rusizi, mawese yalitoka Rumonge. Vyote viwili vya nyumbani. Kazi yangu ilikuwa kusokota pamba iwe kamba laini ya unene wa kidole cha mtoto na kuichovya katika mafuta. Fundi aliiingiza ndani ya ufa kwa patasi butu na nyundo ya mti, akagonga kwa mdundo mmoja usiopanda wala kushuka. Ukipiga kwa nguvu unafungua ubao wa jirani. Ukipiga kwa uvivu, mawimbi ya siku tatu yataitoa pamba. Juu yake ikapakwa lami ya moto, na harufu yake ilikaa kwenye nywele zangu mpaka Jumatatu shuleni, ambako mtawa mmoja alinitenga dirishani.

Miti ya kuunganisha maboti haikupigiwa msumari hata mmoja. Nilimuuliza fundi kwa nini, kwa sababu msumari ni wa haraka. Alichukua vijiti viwili, akavifunga kwa ukanda wa mpira wa tairi, akanipa nivipinde. Vilipindika vikarudi. Ziwa likichafuka, boti la kulia hupanda wimbi wakati la kushoto linashuka, na kitu kilichopigiliwa lazima kivunjike. Kilichofungwa hunyumbuka. Kwa hiyo kila mbalamwezi kamba zote zilifunguliwa, zikakaguliwa, zikafungwa upya, na nahodha ndiye aliyekaza fundo la mwisho. Ni yeye atakayekuwa juu yake usiku kusi likivuma.

Kusi ndiyo hofu ya miezi ya kiangazi, Mei hadi Septemba. Upepo unatoka kusini ukipita juu ya ziwa lote bila kizuizi, na sisi tuko mwisho wa ziwa kaskazini, kwa hiyo tunapata mawimbi yaliyokuzwa na safari ndefu. Nahodha wetu alikuwa na kanuni moja: kusi likianza, kata taa za pembeni, vuta wavu hata kama uko mtupu, geuza vichwa vya maboti viangalie wimbi, na usikimbilie ufukoni gizani. Waliokufa wengi, alisema, walikufa wakiona taa za mji. Alfajiri wimbi likipungua aliingia moja kwa moja, injini imezimwa kabla ya mchanga, watu wawili wakaruka wakaliongoza kwa mabega.

Na hapo ufukoni tulikuwa sisi, mama na mimi, na daftari.

Daftari la baba ndilo hati ya historia ninayoiamini kuliko zote. Kwanza petroli ya injini na mafuta ya taa. Kisha vile vifuko vyeupe vinavyowaka ndani ya taa, ambavyo hupukutika ukivigusa na ambavyo kila baharia aliapa havikupukutika mikononi mwake. Gharama zikishatolewa, fedha iligawanywa nusu kwa nusu: nusu ya boti na wavu, nusu ya watu, na katika nusu ya watu nahodha alihesabiwa mara mbili. Kabla ya yote hayo kulikuwa na kitoweo, samaki wa kila mtu kupeleka nyumbani. Kitoweo hakikuandikwa. Baba alisema ni mkono mmoja. Mabaharia walisema mkono wa nani. Isitoshe, usiku ziwani kulikuwa na mitumbwi ya kununua, na ndagala waliouzwa saa tisa za usiku hawakufika kwenye daftari.

Mwenye boti anayelala nchi kavu ana njia mbili. Ama anaamini, ama anapeleka jicho. Baba alipeleka jicho: kaka yangu, akiwa kijana wa miaka kumi na saba. Miezi ya mwanzo alituletea habari zote. Kisha akajifunza kuvuta kamba, akapata sugu, akapewa zamu yake ya kulala na ya kuamka, na siku moja baba alipomuuliza usiku uliopita waliuza ngapi ziwani, kaka alijibu kwamba usiku ulikuwa mrefu, Mzee. Mama alicheka peke yake jikoni. Baba hakumuuliza tena, lakini kuanzia mwezi ule aliongeza kitu kipya katika daftari: posho ya mbalamwezi, unga na mafuta kwa kila baharia siku ambazo boti limepandishwa. Kitoweo kikapungua. Ninavyoona mimi, hesabu ya pande zote mbili ilibaki ileile, ila iliandikwa.

Baba alifariki mwaka 1989. Kaka aliendesha boti miaka minne, vizuri kuliko baba, kwa sababu alikuwa mwenye boti aliyejua kuvua. Oktoba 1993 Rais Ndadaye aliuawa na nchi ikaingia vitani. Kata za Bujumbura zikagawanyika. Ya kwetu ikawa ya watu wa kabila moja, na mabaharia wetu walikuwa wa makabila yote. Hakuna aliyeweza kupanda kwetu kuchukua taa. Tulizishusha sisi kwa siri, mbili mbili, ndani ya kikapu cha nguo. Machi 1995 watu waliuawa Bwiza na Buyenzi na maelfu wakakimbilia ng'ambo, Uvira. Nahodha wetu alikuwa miongoni mwao. Alivuka kwa kupiga kasia, kwenye mtumbwi wa watu. Baadaye uvuvi wa usiku ulipigwa marufuku mara kwa mara kwa sababu za usalama, na kwa chombo cha taa hilo lilikuwa kuambiwa usivue kabisa. Baada ya mapinduzi ya Julai 1996 majirani walituwekea vikwazo hadi 1999, na maboti yaliyobaki yakapata kazi nyingine, ya petroli na sukari, ambayo haina daftari. Tuliuza boti moja kwa mtu wa Nyanza-Lac. Jingine lilikauka Kibenga hadi watu wakalichukua ubao kwa ubao kuwashia moto, na siwezi kuwalaumu, ilikuwa libuyu nzuri.

Wagiriki nao waliondoka katika miaka hiyohiyo. Uvuvi wa meli za chuma upande wetu ulikufa. Katamarani ilibaki. Ikakua pia: ile kubwa inayoitwa Apolo, yenye wavu mpana zaidi na watu wengi zaidi. Taa za presha zimekwisha, siku hizi ni balbu za betri zinazochajiwa kwa jua. Kibenga ya utoto wangu haipo. Ziwa lilipanda mwaka 1964, likashuka, na miaka hii limepanda tena, mwaka 2021 na 2024, likaingia majumbani na hotelini. Mahali fundi alipopindua maboti, leo ungefika kwa mtumbwi. Ukiongeza na upungufu wa petroli uliotukaba, kuna wanaorudia kasia alizopiga babu.

Mtoto wa kaka anataka kununua Apolo kwa ubia na wenzake watatu, wote wana kazi za ofisini, wote wa Nyakabiga. Ana karatasi za kompyuta zenye hesabu nzuri. Anasema mbao ni kazi ya zamani, atatafuta boti la faiba kama yale ambayo serikali ya Tanzania imeanza kuwakopesha wavuvi wake. Faiba sina neno nalo, halinywi maji. Nilichomuuliza ni juu ya miezi mitatu. Nchi nne zenye ziwa zimekubaliana lipumzishwe kila mwaka, na Tanzania ilianza kufunga upande wake mwaka 2024, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Hiyo ni mbalamwezi ya siku tisini na zaidi. "Nani atawalisha mabaharia?" Akasema, "Shangazi, mkataba utaeleza." Nikamwambia alete huo mkataba hapa kwangu, na siku hiyohiyo amlete nahodha, wakae benchi moja tuusome kwa sauti. Wiki iliyopita alikuja na mkataba. Nahodha, kasema, atakuja mwezi ukiwa mkubwa, kwa sababu ana masharti yake na anataka kwanza kuziona hizo kamba.